Fungu la Kubaki

Somoe anapanga mafungu mawili mkekani:
la kubaki, la jalalani.
Harusi ya Masasi, ibaki.
Mtoto huyu hatumjui jina;
Somoe anasita, anamlaza gotini kwake.

Hii je? Mwanamume na baiskeli,
studio ya Newala,
pazia lenye ndege ya kuchorwa.
Si baba. Si mjomba.
Hata shangazi kakodoa macho, kamkana.
"Tupa," nasema.

Somoe anaigeuza.
Mwandiko wa mama, penseli, umelala upande:
korosho kilo arobaini na mbili,
Nnunduma bado hajalipa,
sare ya Somoe, viatu nusu bei,
hesabu imegoma, kaifuta,
kaianza upya.

Mgeni yule na baiskeli yake
tumemrudisha kwenye kopo,
kifudifudi.