Imebaki Kumi na Moja

Saa tisa usiku, mtaa wa mahema juu ya Ulaanbaatar,
nimepiga magoti kando ya kitanda cha binti yangu,
koti mwilini, soksi mbili mbili,
mkononi saa ya mume wangu yenye mshale wa sekunde.
Pumzi thelathini na nane kwa dakika.
Nahesabu tena, labda nimeruka.
Thelathini na tisa.

Jina lake Tselmeg. Kwetu maana yake
anga lisilo wingu.
Tulimpa mwezi wa saba, nyikani kwa mama mkwe,
ambako jicho husafiri siku nzima bila kugota kitu.
Sasa ana miaka minne,
na toka mwezi wa kumi hadi wa tatu
halioni jina lake hata mara moja:
makaa ya mawe yamelifunika,
moshi wa jirani, moshi wa jirani wa jirani,
na wetu.

Ndiyo, na wetu. Ugomvi ulianzia hapo.
Dorligjav alitaka kuongeza makaa.
Nje ni nyuzijoto thelathini chini ya sifuri.
Nikasema, moshi utamuua.
Akasema, baridi itamuua.
Tukatazamana kama wawili wanaogombea kisu,
kila mmoja kashika makali,
na mpini haupo.
Ndipo akalitoa neno:
"Kwenu ndiko kwenye vifua vibovu."
Nami nikamrushia sigara zake,
alizoziacha miaka mitano iliyopita.
Akachukua ndoo, akatoka.
Mtoto akakohoa.

Wifi yangu huniambia, kwa nia njema,
usimdekeze, kikohozi cha mtoto ni kikohozi.
Juzi mwalimu wa chekechea alipiga saa nne na nusu,
niko kiwandani, sindano katikati ya mshono,
roho ikanipanda hadi kwenye meno.
Kumbe alitaka tu kujua kama Tselmeg hula samli.
Hula, nikasema. Hula sana.
Nikaenda chooni nikalia dakika nne.
Msimamizi akazikata kwenye mshahara.

Chupa ya soda niliyoitoboa kitako:
inhela upande huu, kinywa chake upande ule.
Mpulizo mmoja. Subiri.
Mpulizo wa pili.
Kidirisha kinasoma kumi na moja.
Leo ni Jumamosi, kliniki itafunguliwa Jumatatu.
Hesabu hii naijua kuliko bei ya unga.

Watu husema pumzika.
Daktari, mama yangu, hata kondakta wa basi:
pumzika, mama, utaugua na wewe.
Neno hilo nimelichambua kama mchele wenye mawe.
Ndani yake mna pumzi.
Basi anayetaka nipumzike
aanze kwa huyu.

Mlango. Dorligjav amerudi, ndoo nusu,
kope zake nyeupe kwa sakitu.
Hasemi. Anaweka vipande vitatu,
kimoja kimoja, kwa vidole, kama anayelisha kifaranga,
kisha anaketi nyuma yangu, mgongo kwa mgongo.
Sijui kama huo ni msamaha.
Mgongo wake una joto.

Thelathini na nne.

Thelathini na mbili.

Tselmeg amefumbua macho tangu lini, sijui.
Ananitazama jinsi ninavyomtazama.
Ananiwekea kidole chini ya pua, anangoja,
na kwa sauti yenye filimbi ndani yake
anauliza, "Mama, mbona wewe hupumui?"

Naiachia. Inatoka ndefu, nyeupe,
kama ya farasi aliyepanda mlima.
Anacheka. Anakohoa. Anacheka tena.
Nakihesabu na kicheko,
ila sijui nikiandike wapi.