Ng'ombe wa Guro

Kitambaa alichotarizi shangazi Sunniva
kimening'inia jikoni miaka arobaini:
mti wa ukoo kwa uzi mwekundu,
na chini kabisa, penye shina,
Guro, binti Eivind.

Nilibeba barua za bonde hili hadi nikastaafu;
najua anwani hukosewa.
Ndiyo maana nikaenda mjini, nyumba ya nyaraka,
nikavishwa glavu nyeupe kama bibi harusi,
nikafunguliwa daftari la ubatizo.

Machi, mwaka elfu moja mia saba tisini na nne.
Mama: Marit, mtumishi wa shamba la Haugen.
Baba, *kwa kauli ya mama*: Eivind Knutsen, askari.
Wino umetulia, mkono haukutetemeka.
Shangazi hakusema uongo.
Alisoma, akaishia hapo.

Miaka ishirini na mitatu mbele, daftari la ndoa:
Guro, binti Aslak.
Kasisi mwingine, wino wa majimaji.
Kaka yangu akasema, karani kakosea.
Makarani hukosea, ndiyo,
lakini siku ile bibi harusi alisimama mbele ya meza
na mdomo wake mwenyewe.

Nikahesabu kwa vidole, kama wakunga:
Machi, Februari, Januari, nikirudi nyuma
hadi Juni, mifugo ikipandishwa malisho ya mlimani.
Kisha nikaomba orodha ya kikosi.
Eivind Knutsen: zamu ya ngome, Bergen,
Aprili hadi Oktoba. Hakupewa ruhusa.
Kachapwa mara moja kwa kupoteza kifungo.
Toka Bergen hadi Haugen ni mwendo wa siku sita,
na mbegu haitumwi kwa posta,
hilo nalijua mimi kuliko wote.

Mtunza nyaraka aliniambia bila kuinua macho:
enzi zile mzinzi alitozwa faini,
ila askari, kosa la kwanza, alisamehewa.
Basi wenye mashamba, na wake zao nyumbani,
walitafuta askari mwenye shida
akubali kuazimisha jina lake.

Kitanda hakizai haramu, husemwa.
Sijui kama kilikuwa kitanda.
Huenda ni nyasi kavu za ghalani,
huenda Marit alitaka, huenda hakuulizwa.
Hakuna daftari lililoliandika hilo
na mimi sitaliandika kwa niaba yake.

Mwisho nikafika kwenye mirathi ya Aslak wa Haugen.
Watoto sita wa ndoa, kwa majina, kwa mafungu.
Guro hayumo.
Lakini ukurasa wa nyuma, kati ya sufuria iliyotoboka
na tandiko la farasi:
*Ng'ombe mmoja, Dagros, asihesabiwe.
Marehemu alikwishampa Guro.*
Karani hakuuliza kwa nini.
Nadhani kila aliyekuwa chumbani
alitazama viatu vyake.

Jana nimekishusha kitambaa.
Herufi sita za Eivind nimezifumua kwa sindano;
shangazi alifunga mafundo, ziligoma.
Zimetoka, yamebaki matundu,
na ukikiinua kitambaa dirishani
jina lingali linasomeka, kwa mwanga.

Aslak sijamshona bado. Uzi uko mezani.
Nimeanza kando ya Guro
na ng'ombe mdogo,
pembe zake hazilingani.