Ngazi ya Nne

Jumatatu Odell alipita na pikapu lake
akasema barometa imeanguka, leo wanakula,
leo hata kijiko cha uji utawapata nacho.
Kweli walikula. Kisha mbingu ikafunguka
juu ya kaunti yetu, Alabama, mwezi Machi,
na haikuwa mvua ya kunyesha na kupumua.
Ilikuwa mvua ya kudai deni.

Usiku kucha bati liliongea peke yake.
Kulipokucha vijito vilishuka vimejitwika udongo mwekundu,
vikautua ziwani pamoja na minyoo, kamba wa mtoni,
mpira wa mtoto wa kina Purifoy,
na kiti cha plastiki kilichoelea wima
kama kinamngoja mtu.

Wageni wa mashindano walizipakia mashua zao.
"Chai ya maziwa hii," mmoja alisema,
"samaki haoni hata pua yake."
Wakaenda, na stika zao zinazong'aa.
Haoni, ndiyo.
Nani kasema anahitaji kuona?

Besi ana mstari ubavuni, toka shavuni hadi mkiani,
mshono ambao fundi aliuacha wazi
ili dunia ipenye.
Jina lake na la lile gitaa la nyuzi nne
ni moja masikioni mwangu:
sauti inayokufika kifuani
kabla sikio halijauliza ni nani.

Basi nikaacha chambo cha fedha, cha maji safi,
nikafunga cheusi, kinene, chenye bamba la kupiga kelele,
nikakaa ngazi ya tatu ya mlango wa jikoni,
maana ya nne ilikuwa imeshazama.
Nikarusha kati ya kamba ya nguo na vichaka vya azalea,
pale nilipopanda vitunguu Februari.
Pale ndipo walipokuwa.

Bibi Arzula alikuwa na ekari arobaini chini ya ziwa hili.
Serikali ilipojenga ukuta wa bwawa ilimlipa,
akahamisha makaburi mawili, kuku, na jiko la chuma,
akajenga hapa kilimani. Alisema:
maji yakinitaka tena, na yapande.
Kila mvua kubwa hupanda kidogo,
kama mtu aliyesahau kitu ndani.

Nilinasa wanne.
Wa tatu alikuwa jike, tumbo limejaa mayai,
mdomo ungemeza ngumi yangu na saa yake.
Nikamrudisha bustanini.

Jumatano wakafungua milango ya bwawa.
Besi hupata habari kabla ya redio:
maji yakishuka upana wa kidole tu
huyaacha majani, bila kuaga,
wakasimame ukingoni mwa kina.
Wanaobaki ni wenye tamaa,
au waliochoka,
au wale ambao, kama mimi, hawasikii wakiambiwa hama.

Alhamisi nikamkuta mmoja mtaroni,
nyuma ya kibanda cha mashine ya nyasi.
Maji yamebaki kina cha sufuria,
ubavu mmoja juani, anapumua kwa hesabu.
Odell alikuja na unga wa mahindi na chupa ya mafuta,
nusu mzaha, nusu njaa.
"Mungu kakuletea hadi mlangoni, dada."
Nikamwambia hakuletwa. Alikuja mwenyewe,
na aliyekuja mwenyewe husindikizwa.

Nilimbeba kwa ndoo ya kupigia deki,
mteremko mzima, akinipiga mkia begani mwa ndoo,
tope likanivua kiatu cha kushoto, sikukirudia.
Nikaingia hadi magotini, nikamwaga.
Hakukimbia. Alikaa mahali fulani karibu na mguu wangu
ndani ya wekundu ule.
Sikumwona.
Nilimsikia tu,
kwenye mfupa wa goti.