Mchanga wa Mifukoni

Likizo ya Oktoba hunifikia ikiwa imeshaisha,
imesokotwa ndani ya begi, ina unyevu bado,
inanuka chumvi na mafuta ya kuzuia jua.
Jumatatu, saa mbili kasorobo, hapa Nairobi West,
mlango wa dobi haujafunguka wote
na Dokta Anyika ameshatua furushi mezani:
"Tulikuwa Watamu. Zote kwa Alhamisi."

Naandika risiti. Kisha napekua mifuko,
ndiyo kazi ya kwanza, kabla ya sabuni:
tishu, tiketi ya treni, kijiti cha aiskrimu,
na mchanga.

Mchanga hauna adabu. Hujificha kwenye pindo,
kwenye mshono wa kaptula ya mtoto, chini ya kola.
Umepanda treni bila nauli,
umelala mjini usiku kucha bila mwenyeji kujua.
Wa Watamu mweupe, laini kama unga wa muhogo.
Wa Malindi kahawia, una vimulimuli ndani yake.
Mwaka wa sita huu, naujua kwa kidole.
Pwani yenyewe sijaiona.

Gachomo yeye hakwenda pwani.
Alikwenda kwao Kinangop, kuchimba viazi na mamake,
na soksi zake zimerudi zimejaa kishona nguo.
Nazichomoa mbegu moja moja, Kasiva ananicheka:
"Hizo ni nguo ama unachambua mboga?"
Mboga ndiyo. Mama alizipika,
majani machanga tu, yakichanganywa na kunde,
uchungu ukitangulia mlangoni,
utamu ukija nyuma, polepole, kama mgonjwa.
Sijakanyaga nyumbani tangu matanga yake.
Sweta ya Gachomo ina moshi wa kuni.
Nimechelewa kuitumbukiza majini, na sina sababu
ambayo ningemwambia tajiri wangu.

Katika gauni la binti wa daktari
nilikuta kauri, ndogo kuliko jino la maziwa.
Niliitia ndani ya bahasha, nikaandika namba ya risiti,
na Alhamisi nikamkabidhi mamake kwa mikono miwili.
"Ah, hiyo? Tupa tu," akasema,
akihesabu mashati.

Jumapili ni yangu.
Ngara, ghorofa ya tano, juu ya paa,
kati ya kamba za nguo na matangi yanayolia ukipiga konzi.
Nimeshika kopo la mafuta ya kupikia:
mchanga wa Oktoba sita.
Naumimina kwenye beseni. Hata nusu haufiki.
Apondi anavua viatu, anaingiza mguu mmoja,
maana yote miwili haienei,
anausukasuka, anatafuta kitu huko chini.
Barabarani mijakaranda imemwaga zambarau
juu ya magari ya watu, na hakuna anayefagia.

"Na bahari je?"
"Italetwa Jumatano," namwambia,
"saa kumi alfajiri, mfereji ukifunguliwa.
Uamke, ushike ndoo."
Ananitazama kama anayejua bei ya kitu
na amesikia nyingine.
Kisha anaweka kauri sikioni, anafumba macho.
Ananipa nami nisikilize.
Nasikia pikipiki, redio ya jirani, mtu anakatakata sukuma.
"Umesikia?" Nimesikia.

Usiku shuka letu linakwaruza.
Kwenye vidole vyake, kwenye nywele, hata ndani ya mto,
Watamu na Malindi zimelala nasi, hazijalipa kodi.
Nainuka saa saba kulikung'uta dirishani,
nikinung'unika vilevile
kama wanavyonung'unika wale waliotoka safari:
mchanga huu, jamani, mchanga huu hauishi.
Nakung'uta mara moja. Ya pili nasita.
Nalitandika hivyo hivyo,
naingia, nalala upande wenye mchanga.