Ngozi ya Kifutu, Sikonge

Alimkuta ndani ya bani la tumbaku,
kajikunja kwenye majivu yenye joto,
na shangazi Kalunde hakupiga yowe.
Jembe lilikuwa mkononi. Likashuka.

Nikaomba ngozi.
Nikampasua tumboni, kidevuni hadi mkiani,
nikakwangua mafuta kwa kijiko cha uji,
nikaitandaza juu ya bati, nikaitia chumvi,
kuku wakiikodolea macho kwa mbali.

Upinde ulishachongwa: mkole,
uliokauka darini misimu miwili.
Gundi ya kwato ikachemka, ikanuka hadi kwa jirani.
Nikailaza ngozi mgongoni mwa mti,
kidole gumba kikifukuza hewa,
nikaifunga kwa mpira wa baiskeli
siku tatu.
Haikufika: ncha mbili zilibaki uchi.

Ngozi haiongezi nguvu, najua.
Mti ndio unaopinda, mti ndio unaorudi.
Ngozi ni koti la mvua,
na kiburi kidogo.

Ila pale juu ya mshikio
jeraha la jembe lilikataa kufichika.
Nililibana, nililipaka, likabaki
mdomo uliokatizwa neno.

Shangazi akauchukua. Hakusifu.
Akavuta upote hadi shavuni, bila mshale,
na madoa yote yakatanuka,
yakasogea, kama yalivyosogea
asubuhi ile kwenye majivu.

Hakuuachia. Akaurudisha polepole,
kidogo kidogo, mkono ukimtetemeka,
akanikabidhi, akajifuta viganja kwenye kanga.
“Bado ana nguvu,” alisema.