Ziara ya Mteja, Kiloleni

Fomu ina mstari wa nyumba, mstari wa gari,
mstari wa shamba lenye hati.
Mstari wa nyuki haina.

Kalunde Mihayo ananiuliza kwa nini.
Tumekaa uani kwake,
kati ya ndoo za njano na harufu ya nta,
viatu vyangu vya ofisini vimejaa mchanga.
Ana mizinga mia na arobaini msituni, njia ya Sikonge,
mingine ya magome, mingine ya mbao.
"Mali ninayo," anasema. "Ila inaruka."

Nacheka. Kisha naandika:
dhamana isiyohamishika, hakuna.

Anataka milioni kumi na mbili:
mashine ya kuchuja, chupa, na lebo yenye ile nembo
ambayo bila hiyo duka la Dodoma halipokei.
Kwa sasa anauza kwa ndoo, kwa madalali
wanaoshuka na treni usiku na kupima kwa jicho;
kukicha, asali yake ina jina la mtu mwingine.

Nampa ratiba: marejesho kila tarehe tano.
Anaisoma kwa kidole.
"Mwezi wa sita naweza. Wa saba pia.
Wa pili, wa tatu, mtakuja kukinga nini?
Nyuki hawajui mwisho wa mwezi."

Sikumjibu. Mimi ni mwana wa tumbaku, Urambo.
Baba alikopa mbolea kwa msimu, akalipa kwa msimu,
na msimu mmoja hakulipa.
Baiskeli yetu naijua ilivyoondoka:
ilisukumwa, haikupandwa,
na mtu mwenye kalamu mfukoni.
Leo kalamu ninayo mimi.

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali.
Riba hawakuitaja.

Naaga. Ananiletea chupa ya lita moja, zawadi.
Zawadi hairuhusiwi, kanuni ukurasa wa kwanza.
Nalipa elfu kumi na mbili, naomba risiti.
Anapekua, anapekua, mwishowe anachana daftari la mtoto,
anaandika taratibu, hesabu juu,
chini: K. Mihayo, Asali, Tabora.
Anaiangalia kidogo kabla ya kunipa.

Usiku. Kamati ni Alhamisi.
"Maoni ya Afisa" yana mistari mitatu.
Nimeandika: alipe kwa msimu, si kwa mwezi.
Nimefuta. Nimeandika tena.
Kisha nimeibana ile risiti nyuma ya fomu.
Ina alama ya kidole chake, inanata;
nikijaribu kufunua,
karatasi mbili haziachani.