Guni

Kabati tuliliokota Kendal, nyuma ya duka la mazulia,
mimi na Hadija, tukalibeba mvuani kama mgonjwa,
droo tatu zimo, ya nne haipo.
Nilipoipindua ya kwanza kutafuta misumari
sikuona hata mmoja.
Konani tu, mbao mbili zimeumana:
mkia wa njiwa, mkia wa njiwa, mkia wa njiwa,
mpana mwishoni, mwembamba kiunoni,
kama vidole vya watu wawili waliogoma kuagana.

Jumanne jioni, ukumbi nyuma ya kanisa la Wamethodisti,
Bi Enid Tyson anagawa vipande vya msonobari
na penseli zilizochongwa hadi zikawa sindano.
Hasemi sana. "Kata upande wa taka," anasema.
"Mstari uache uishi."
Nami niliyelala saa tatu baada ya zamu,
mkono bado una mtetemo wa mashine za kufulia mashuka ya hospitali,
nabana ubao kwenye jiliwa, naufuata mstari,
naukosa kwa unene wa unywele,
narudia, naukosa kwa unene wa kucha.
Patasi inadonoa. Nyuzi zinachanika.
Kiungo cha kwanza kinacheza kama jino la mtoto wa miaka sita.
Cha pili hakiingii. Cha tatu kinaingia
na ubao unapasuka, ta! katikati,
na Callum wa posta, jirani yangu mezani,
ananisogezea chai yake bila kunitazama.

Mama alifundisha Kiswahili Pangani.
Madaftari aliyapitia usiku kwa wino mwekundu,
akihesabu mizani kwa kugonga meza,
na ubeti uliopungua silabi moja
au uliopotewa na kina chake
aliuandikia neno moja pembeni: Guni.
Hakueleza. Ulirudi ukahesabu mwenyewe.
Sasa kila nikiinua kiungo kwenye taa
na mwanga ukapenya pasipotakiwa,
nalisikia lile neno, wino haujakauka.

Wiki ya tisa nilichomoa droo ya tatu, nyumbani,
nikaimulika kwa simu.
Ndani, pasipofika jicho la mnunuzi,
msumeno wa yule fundi ulikuwa umepitiliza mstari.
Si mara moja. Kila kona.
Alikuwa na haraka yule bwana,
labda Jumamosi, labda anadaiwa kodi,
na droo yake ingali imeshika, na yeye hayupo.
Nilicheka peke yangu, nikamwita Hadija aone.
"Umeniamsha," akasema, "kwa ajili ya mkwaruzo?"

Jumanne iliyofuata:

Nimegonga polepole, mkia ukateleza,
ukaingia kwa mbele, pengo likajipunguza,
si msumari, si chale, mti mwenzake watunza,
kumi na moja za kale ni majivu, sitawaza.

Bi Tyson akapitisha ukucha wa dole gumba,
akasimama kwenye mkia wa tatu.
Hapo. Pengo, jembamba kama karatasi.
Akachonga kibanzi kutoka mbao ileile,
akakichovya gundi, akakisukuma ndani,
akakata kilichozidi.
Miaka arobaini darasani, akasema,
na bado huviweka vibanzi mfukoni.
Akavitoa nivione. Kiganja kizima.

Droo ya nne ilirudi mahali pake Januari.
Februari, mvua ya wiki tatu, mbao zikavimba,
nayo ikagoma kufunguka.
Soksi nzito zote zimo humo.
Nimekanyaga kabati kwa mguu mmoja, navuta,
na viungo havijaachia hata unywele.
Hadija yuko mlangoni, miguu peku,
anangoja.